Mahali Watoto Wanapochezea

Ndugu baba na mama, nendeni leo mtazame mahali watoto wenu wanapochezea. Inameni, kwa maana mtoto anacheza chini. Vipande vya chupa na misumari, viokoteni, mvitupe katika shimo refu. Mtoto akichomwa na msumari, osheni kidonda kwa maji na sabuni, mkamlete hospitali siku ile ile, kwa ajili ya pepopunda.

Lakini adui mwingine haonekani. Mtu mwenye safura akijisaidia nyuma ya migomba, mayai ya minyoo yanabaki katika udongo wenye kivuli na unyevu. Yanapasuka kwa siku 1 au 2. Baada ya siku 5 mpaka 10 minyoo midogo inaweza kutoboa ngozi ya mguu mtupu. Inafika matumboni, inakunywa damu. Ndani ya kope za mtoto panakuwa peupe, anachoka, anakaa pembeni wenzake wakicheza. Watu wanamwita mvivu. Si mvivu huyu, damu yake imepungua. Mleteni apate dawa.

Dawa peke yake haitoshi, atarudi kukanyaga udongo ule ule. Chimbeni choo, mkitumie wote. Na mavi ya mtoto mchanga, ambayo wengi wanasema si kitu, yatupwe humo humo. Jumamosi mnapofagia kanisa, fagieni na uwanja wa watoto, mkate majani.