Ufunguo Uliochongwa Kabla ya Kufuli

Je, wajua kwamba mtoto mwenye bwaki, yaani utapiamlo mkali unaovimbisha mwili, huwa na homoni ya ukuaji nyingi damuni kuliko mtoto anayekula akashiba? Miguu imevimba, nywele zimepauka na kuwa nyekundu, kimo kimesimama pale pale, na bado homoni inayopaswa kumrefusha imejaa tele. Madaktari waliigundua hali hiyo miaka ya 1960, na kwa muda mrefu ilikuwa ngumu kuielewa. Sehemu ya maelezo yake ilikuja kupatikana kwa njia ya mbali: kupitia kipande kidogo cha protini kilichobuniwa maabarani Marekani, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya bwaki hata kidogo.

Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi pituitari, iliyo chini ya ubongo na ukubwa wake haupiti wa punje ya haragwe. Haitiririki mchana kutwa. Hutoka kwa vipindi, na kipindi kikubwa zaidi ni usiku, mtoto anapozama katika usingizi mzito. Ikishaingia damuni hufika kwenye ini, na ini nalo hutuma mjumbe wa pili aitwaye IGF-1. Huyu ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi ya kurefusha mifupa. Ini lisipoitika, homoni hubisha hodi bure.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, alikuwa akifanya kazi na enkefalini, vitu vya kutuliza maumivu ambavyo ubongo hujitengenezea wenyewe. Kila kimoja ni mnyororo mfupi wa asidi amino tano tu. Bowers na wenzake walibadilisha pete moja, wakajaribu, wakabadilisha nyingine. Baadhi ya minyororo hiyo mipya ilipoteza kabisa nguvu ya kutuliza maumivu, ikapata nyingine isiyotarajiwa: iliifanya pituitari itoe homoni ya ukuaji. Mwaka 1984 walitangaza mnyororo wenye nguvu zaidi, wa asidi amino sita, unaoitwa GHRP-6.

Homoni ya ukuaji yenyewe ina asidi amino 191. Kwamba mnyororo wa sita tu unaweza kuiamuru itoke, hilo peke yake ni ajabu. Tena mbili kati ya hizo sita zimegeuzwa, zimekuwa kama kandambili ya kushoto mbele ya mguu wa kulia. Vimeng'enya vya mwili vinavyokata protini havizishiki vizuri, na kwa hiyo mnyororo hauvunjwi upesi.

Fumbo likabaki. Mwaka 1982 wanasayansi walikuwa wamekwisha kuipata amri ya asili ya ubongo inayoiambia pituitari itoe homoni hii. Ina asidi amino 44. Lakini GHRP-6 haikupita mlango huo. Ilikuwa ufunguo unaofungua kufuli ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kufuli yenyewe, yaani kipokezi kilichoko kwenye seli, ilipatikana mwaka 1996 na watafiti wa kampuni ya Merck. Sasa ikabaki kumtafuta mwenye nyumba: ni kitu gani cha mwilini kilichoumbiwa kufuli hiyo?

Wengi walitazamia kukipata kwenye ubongo. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, Wajapani, walikikuta kwenye tumbo la panya. Wakakiita grelini. Ina asidi amino 28, na juu ya ile ya tatu kuna kipande cha mafuta; bila kipande hicho haiwezi kufungua. Grelini hupanda mtu anapokuwa na njaa na hushuka akishakula.

Kwa nini tumbo tupu liagize homoni ya ukuaji? Kwa sababu homoni hii ina kazi ya pili. Huyeyusha mafuta yaliyowekwa akiba na kuzuia sukari ya damu isiporomoke, ili ubongo usizime. Wakati huo huo ini lenye njaa hupunguza IGF-1. Mwili unaahirisha kukua ili uishi.

Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walichapisha vipimo vya watoto wa Uganda waliolazwa kwa utapiamlo mkali. Grelini ilikuwa juu na homoni ya ukuaji juu, huku IGF-1 ikiwa chini.

Dawa za ukoo wa GHRP-6 zipo na zina kazi yake. Macimorelin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hunywewa ili daktari apime kama pituitari ya mtu mzima bado inaitika. Wanamichezo wamekatazwa kutumia dawa za aina hii, na baadhi huuzwa mtandaoni kwa vichupa ambavyo hakuna mamlaka ya dawa iliyovithibitisha. Kwa mtoto mwenye bwaki, ufunguo wa ziada hauna kazi. Tumbo lake limekwisha kuuzungusha, na kufuli iko wazi.

Kinachokosekana ni chakula chenyewe. Chukua mfano wa Luvungi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Kamanyola. Huko bugali wa muhogo hujaza tumbo lakini una protini kidogo mno. Uchunguzi wa afya wa 2013–2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini Kongo wamedumaa. Samaki wadogo wa ndagala wa Ziwa Tanganyika, maharage na karanga vina kile ambacho muhogo hauna, ila havifiki kila siku kwenye kila sahani. Kwenye vituo vya afya, mzunguko wa mkono wa mtoto hupimwa kwa utepe. Ukiwa chini ya milimita 115, utepe huonyesha nyekundu, na mtoto huanzishiwa maziwa ya tiba au siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, mafuta, sukari na vitamini.

Watoto wa Mulago nao walilishwa. Damu yao ilipopimwa tena, homoni ya ukuaji ilikuwa imeshuka na IGF-1 imepanda.