Nyumba Iliyovaa Nyasi

Wajukuu zangu, sogeeni. Msimuliaji wa Kihaya huanza hivi: "Nilikuja, nikaona." Nanyi mjibu: "Ona, nasi tuone."

Hapa Kanazi, katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba, palikuwa na nyumba ya duara. Nyasi zake zilianzia kileleni zikashuka mpaka chini, hata usiuone ukuta. Ndiyo mushonge. Jua la saa saba lilikuchoma kisogo, lakini ukiinama ukaingia mlangoni, ulipokewa na ubaridi kama wa kisimani. Mvua yetu ya Bukoba, ambayo hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka, iliteleza juu yake bila kelele, unyasi kwa unyasi, mpaka kwenye migomba.

Siri ni hewa. Kati ya unyasi na unyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Mchana joto halikuingia. Usiku joto la meko halikutoroka. Moshi nao ulipenya polepole, ukazikausha nyasi na kufukuza wadudu. Asubuhi paa zima lilifuka kama chungu cha ndizi kilichofunikwa majani. Ila nisiwafiche: moshi huo uliwaumiza mama zetu macho na vifua, na cheche moja iliweza kuteketeza nyumba. Sisemi turudi humo.

Leo tuna bati na tofali la kuchoma. Bati halishiki moto, lakini liguse mchana uone! Na tanuri la matofali hula kuni usiku na mchana. Tena, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopita mkoa wetu wa Kagera, kuta nyingi za matofali ziliporomoka, zikaua watu.

Basi mtakapojenga, wekeni dari chini ya bati, na matundu ya hewa juu ya kuta. Sisi tuko karibu na ikweta: jua hupiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni, kwa hiyo madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Tofali la udongo na saruji kidogo, likishindiliwa kwa mashine na kuachwa likomae kivulini, halihitaji hata ukuni mmoja. Maji ya bati yakingeni kwenye tangi.

Na migomba msiifyeke yote. Bibi yangu alipanda yake hatua chache kutoka ukutani, upande wa jua la jioni.