Kufasiri na Kupima Orodha ya Divai

Mfasiri anayefuatana na wageni nchini Marekani huenda akajikuta katika mkahawa wa steki usio na makuu. Meza hazina vitambaa, watoto wamo, na wateja wamefuata steki, yaani pande nene la nyama ya ng'ombe lililochomwa. Pamoja na orodha ya vyakula huletwa orodha ya divai. Mwenyeji humwuliza mgeni aionaje, naye mgeni humgeukia mfasiri. Aghalabu mahali kama hapo hapana mtaalamu wa divai wa kuulizwa. Orodha yenyewe ndiyo isemayo. Neno likifasiriwa vibaya, mgeni atalipia kitu asichokichagua.

Tuanze na jina la kinywaji chenyewe. Kiswahili kina maneno mawili: mvinyo, lililotoka katika Kireno, na divai, lililotoka katika Kifaransa. Yote mawili ni sahihi. Lakini kwa kuwa wako watumiao mvinyo hata kwa vileo vikali, hapa tumechagua divai, ili maana ibaki kwenye kinywaji cha zabibu kisichokenekwa.

Maneno ya orodha yafaa kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni yale yanayofungwa na sheria. Jina la zabibu, kama Cabernet Sauvignon au Merlot, ni la fungu hili: tangu 1983, sheria ya Marekani hudai kwamba kwa kawaida divai iitwayo kwa jina la zabibu moja iwe na zabibu hiyo kwa kiasi kisichopungua asilimia 75. Likitajwa eneo rasmi la kilimo cha zabibu, kama Napa Valley, asilimia 85 ya zabibu sharti zitoke humo. Majina haya hayafasiriwi, huandikwa yalivyo.

Hata hivyo, pana mtego. Burgundy na Chablis ni majina ya mahali nchini Ufaransa, lakini Wamarekani waliyatumia kwa muda mrefu kwa divai zao wenyewe. Mapatano ya 2006 kati ya Marekani na Jumuiya ya Ulaya yalilenga kuzuia matumizi mapya ya namna hiyo, ila chapa za zamani ziliruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo mfasiri asiongeze neno "Ufaransa" kabla ya kuhakikisha divai imetoka wapi.

Fungu la pili ni maneno ya kusifu. Neno "Reserve" katika divai ya Marekani halina maana iliyowekwa na sheria ya shirikisho. Kinyume chake, Reserva nyekundu ya Rioja, Hispania, hukomazwa kwa muda usiopungua miaka 3, ukiwamo angalau mwaka 1 katika mapipa ya mwaloni. Kuyafasiri yote mawili kwa neno "teule" ni kumpa mmoja cheo ambacho hakukipata. Twapendekeza neno hilo libaki kama sehemu ya jina.

Fungu la tatu ni maneno ya ladha, na hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapotupoteza. "Divai kavu" humfanya msomaji ajiulize kimiminika kitakaukaje. Kinachokusudiwa ni divai isiyo tamu. "Divai ya nyumba" si ya kupikwa nyumbani, bali ni divai ya kawaida ya mkahawa, aletewayo mteja asiyetaja jina. Lakini kwa ile hali ya ulimi kukwaruzwa na tanini, Kiswahili kina neno lake tangu zamani: ukakasi. Aliyekula bibo bichi halihitaji maelezo. Tanini, zitokazo hasa katika maganda na mbegu za zabibu, hushikamana na protini za mate. Nyama yenye mafuta hupunguza makali hayo. Ndiyo sababu divai nyekundu yenye ukakasi hupendwa pamoja na steki.

Basi orodha ipimwe vipi? Wingi wa majina si hoja. Orodha fupi ni njema ikiwa kila divai imetajiwa mtengenezaji, zabibu au mahali, na mwaka wa mavuno. Ikiwa bei zake zina ngazi. Na ikiwa yupo pia aliyekumbukwa ambaye hakuagiza nyama. Chupa ya kawaida ina mililita 750, nayo hutoa glasi 5 za mililita 150. Bei ya glasi ikizidishwa kwa 5, mteja ataona mara moja kama chupa ni nafuu zaidi. Orodha iliyojaa sifa lakini isiyotaja mwaka wala mahali imesema machache, hata ikiwa na kurasa kumi.

Kazi ya mfasiri si kuipamba orodha wala kuishusha. Palipo na ahadi ya sheria, aionyeshe. Palipo na sifa tupu, asiigeuze kuwa ahadi. Twawaalika wasomaji wayapime mapendekezo haya, hasa walimu na wafasiri ambao katika sehemu zao wanayo maneno bora kuliko haya yetu.