Mpira Husomwa Kabla Haujapigwa

Mtu akimwona mchezaji wa tenisi anaufikia kila mpira, husema: "Huyu ana mbio." Mimi nasema, tumtazame macho kabla ya miguu.

Tupige hesabu kidogo. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa meta 23.77. Mpira wa kuanzisha ukipigwa kwa kasi ya kilometa 200 kwa saa, humfikia mpokeaji kwa takriban nusu sekunde. Jicho lione, ubongo uamue, mguu unyanyuke: hapo karibu robo sekunde imekwenda. Anayengoja mpira uvuke wavu ndipo aamue, amekwisha kuchelewa.

Basi hodari husoma dalili. Ya kwanza ni mpira unavyorushwa juu. Anayetumia mkono wa kulia akiurusha upande wa kulia kwake, mara nyingi ataukata ubavuni, nao utapinda kwenda kushoto kwake. Ya pili ni raketi: uso wake ukielekea juu, tegemea mpira wa juu au wa kudondoshwa karibu na wavu. Ya tatu ni mahali alipo mpinzani. Ukimsukuma pembeni, mara nyingi atarudisha kwa mshazari, kwani wavu una sentimita 91 katikati lakini 107 kwenye nguzo, na njia ya mshazari ni ndefu zaidi. Kwa hiyo pigo lako ndilo linalompunguzia mwenzako majibu.

Kisha kuna tabia ya mtu. Mwaka 1988 na 1989, Boris Becker wa Ujerumani alimshinda Andre Agassi wa Marekani mara tatu mfululizo. Agassi amesimulia kwamba alitazama kanda za Becker mpaka akagundua kuwa ulimi wa Becker ulichungulia kuelekea upande atakaopiga. Walipomaliza, katika mapambano 14 Agassi alikuwa ameshinda 10. Anasema kazi ngumu ilikuwa kuficha kwamba anajua. Ndiyo maana usikimbie mapema. Ruka kidogo papo hapo mpinzani anapopiga, ukitua uondoke. Ukitangulia, naye atakusoma wewe.

Elimu hii si ngeni kwetu Ilongero, mkoani Singida. Dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima wa alizeti hayangoji matone ndipo aanue mazao yake. Mchungaji naye humjua fahali atakayepiga pembe kwa jinsi anavyoinamisha kichwa. Lakini ikifika michezo ya shule, nimeona tunawapanga watoto mstari, tunawakimbiza, na wa nyuma tunawaambia wakae. Pengine tunamkalisha golikipa bora kuliko wote.

Walimu, jaribuni hivi. Fungeni kamba kati ya miti miwili, wapeni watoto wawili vibao vya mbao na mpira mmoja. Anayepokea atamke "kulia" au "kushoto" kabla mwenzake hajaugonga. Andikeni amepatia mara ngapi kati ya 20, mrudie kila juma. Raketi ni ghali na kiwanja cha tenisi hatuna, lakini macho tunayo. Na mkichagua timu, daftari hilo liwekwe mezani pamoja na matokeo ya mbio.

Tukutane juma lijalo.