Dawa ya Kahawa Ndani ya Inkubeta

Mwezi wa Mei, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, ukungu hushinda mlangoni na nguo hulala kambani siku mbili bila kukauka. Ndani ya inkubeta unyevu hutiwa makusudi: joto la nyuzi 37.5, sahani ya maji chini ya mayai, na maji zaidi siku tatu za mwisho kabla ya siku ya 21, ili kifaranga asikwame ndani ya ganda. Humo ndimo nilimofunga bodi yangu ya kwanza ya kudhibiti joto, niliyoitengeneza nyumbani kwa karatasi ya tona, pasi ya nguo na beseni la plastiki. Mayai ya awamu ya tatu yakiwa ndani, taa ya joto ilikataa kuzimika. Nilipofungua kiboksi, njia za shaba zilizokuwa zikimeta kama sarafu mpya zilikuwa zimeota unga wa kijani.

Mkulima wa kahawa kutoka Runyenjes hadi Imenti angeutambua unga huo. Kopa oksikloridi, dawa inayopuliziwa mibuni dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, imeundwa kwa vitu vilevile: shaba, klorini, oksijeni na hidrojeni. Shambani, shaba inayotoka kwenye kijani hicho huua mbegu za kuvu. Kwenye bodi, kijani chenyewe ni shaba iliyokwisha kuliwa, na ya kuliwa si nyingi. Utando wa shaba kwenye bodi ya kawaida una unene wa maikromita 35, takriban nusu ya unywele.

Klorini hiyo niliileta mwenyewe. Ili kuchonga njia za umeme, bodi huchovywa kwenye feriki kloridi, maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yanayoyeyusha shaba yote isiyofunikwa na tona, yaani wino wa printa uliobandikwa kwa pasi. Kazi ikiisha, mabaki yake hujificha kwenye vitundu na kando ya njia. Unyevu ukifika, kloridi hushika shaba; hewa na maji huigeuza kuwa unga wa kijani, na katika kugeuka huko hutoka asidi kidogo. Asidi hiyo huirudia shaba iliyobaki, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana doa dogo halitulii: hujilisha lenyewe. Wahifadhi wa makumbusho hupambana na maradhi hayohayo kwenye sanamu na sarafu za kale.

Nami nilikuwa nimepaka vanishi usiku uleule wa kuchonga, nikadhani nimemaliza. Vanishi huchelewesha unyevu, haiuzuii milele. Nilikuwa nimefunga bendeji juu ya kidonda kisichooshwa.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuosha, na jikoni kwetu ipo. Suuza bodi kwa maji mengi, kisha ichovye kwenye maji yenye magadi kidogo, yaleyale ya kulainishia maharagwe. Magadi huua asidi iliyobaki. Lakini magadi ya ziwani yana chumvi ndani yake, na chumvi nayo ni kloridi, kwa hiyo suuza tena, safari hii kwa maji ya mvua yaliyokingwa safi. Ondoa tona kwa asetoni, sugua shaba taratibu kwa msasa laini, ikaushe juani. Kuanzia hapo ishike kwa kingo tu. Jasho la kidole lina chumvi, na alama ya dole gumba hujitokeza kwenye shaba baada ya siku chache.

Maji ya kuchonga yaliyobaki kwenye beseni yasimwagwe mtaroni yakaishia Rupingazi au Kathita, kwani shaba huua samaki. Yatie magadi kidogo kidogo hadi povu liishe. Shaba itatuama chini kama tope, ulifungie kwenye chupa.

Sasa ndipo kufunika kunapofaa. Njia nyepesi ni rosini, yaani utomvu mkavu wa paini, ulioyeyushwa kwenye spiriti na kupakwa kwa brashi. Huzuia hewa, na siku ya kulehemu asidi yake hafifu hula oksidi ili risasi ya kulehemu ishike vizuri. Njia imara zaidi ni kutia bati, kama mafundi wa Pwani walivyotia sufuria za shaba: unapitisha chuma cha kulehemu chenye mchanganyiko wa bati na risasi juu ya kila njia. Mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, ukaiachia shaba koti la rangi ya fedha.

Ya tatu ni ile rangi ya kijani ya bodi za viwandani, inayogandishwa na miale ya urujuanimno. Unaitandaza chini ya plastiki angavu, unaweka juu yake karatasi angavu yenye madoa meusi mahali pa kulehemu, kisha unaianika. Ng'ambo wengi hununua taa maalumu kwa kazi hii. Huku Mlima Kenya tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita mchana hufanya kazi hiyo bure. Jaribu kwanza kwenye kipande ujue dakika zinazotosha. Palipofichwa na madoa, rangi haigandi, na hufutika kwa spiriti.

Bodi yangu ya pili niliiosha mara tatu, nikaitia bati, nikaipaka. Imo ndani ya inkubeta ileile, na bado ni ya kijani. Safari hii kijani nilikipaka mwenyewe, na taa huzimika joto likifika 37.5.