Mkorogo unavyochezea swichi za ngozi yako

MSOMAJI, kabla hujanicheka, ngoja nikiri mwenyewe. Niliondoka kwetu Ikolo, Kyela, nikiwa mweusi ti. Baada ya miezi mitatu mjini Mbeya nikarudi 'nimetakata', binamu zangu wakaniita mzungu. Shangazi yangu, ambaye amelima mpunga kwenye jua la Kyela tangu usichana na ngozi yake bado inateleza, alinitazama akaguna tu.

Siri ilikuwa kityubu nilichouziwa dukani bila cheti cha daktari. Ndani mlikuwa na klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi. Daktari humwandikia mwenye pumu ya ngozi apake kidogo, kwa siku chache. Mimi nilipaka uso na mikono asubuhi na jioni, kama losheni!

Sasa sikia, maana hapa ndipo tunapoingia mkenge. Chini kabisa ya ngozi ya juu kuna seli changa ambazo kazi yake ni kuzaana. Kila seli ina jeni zote, ila haiziwashi zote kwa mpigo. Seli ikianza kupanda juu, inazima jeni za kuzaana na kuwasha zile za kutengeneza keratini ngumu na mafuta ya kuzuia maji. Ikifika juu inapoteza kiini, inakufa, inakukinga kama gamba, halafu inabanduka. Safari nzima huchukua mwezi mmoja hadi miwili hivi. Swichi hizi si mchezo: mwaka 1999 wataalamu walieleza habari za panya waliozaliwa bila jeni iitwayo p63. Hawakuwa na ngozi kamili, wakakauka maji na kufa muda mfupi tu baada ya kuzaliwa.

Huko huko chini kuna seli za rangi. Zinatengeneza melanini na kuwagawia majirani, nao wanaiweka juu ya kiini kama mwavuli, jua lisiharibu jeni. Cha kuchekesha, mimi na mzungu tuna seli hizo kwa idadi inayokaribiana. Zangu zinachapa kazi zaidi, basi.

Steroidi ikipenya ndani ya seli inashikana na kipokezi chake, wanaingia pamoja hadi kwenye kiini, wanaanza kuzima na kuwasha. Jeni za kolajeni zinazimwa. Seli changa zinapunguza kuzaana, melanini inashuka, mishipa ya damu inasinyaa. Unajiona umependeza kumbe ngozi imekonda.

Mwezi wa nne kasheshe likaanza. Vijishipa vyekundu mashavuni, chunusi kidevuni, uso Fanta vidole Coca. Nikiwa shambani kwa shangazi jani la mpunga likanikwaruza mkono, kitu kidogo tu, kidonda kikagoma kupona. Nikashikwa na hofu, nikatupa kityubu chooni. Kosa la pili hilo! Ndani ya siku chache uso ukawaka moto, ukavimba, nikawa natembea na khanga usoni.

Daktari alinigombeza kwanza, kisha akaeleza kwamba aliyetumia muda mrefu asiache ghafla kivyake. Aende apunguziwe taratibu. Akanipa dawa hafifu zaidi, na kofia ya ukili ikawa rafiki yangu.

Uso umerudi kwa sehemu kubwa. Michirizi ya mikononi haijatoka. Shangazi bado anaguna, ila juzi aliniletea mafuta ya mawese, akaniambia nipikie, nisipake.