Kituo chako cha Pokémon GO kimefutwa? Hivi ndivyo unavyokata rufaa

Ulipiga picha ya mchoro wa ukutani mtaani kwenu, ukaandika maelezo, ukasubiri wee mpaka ukapitishwa. Mtaa ukapata PokéStop. Halafu siku moja unafungua simu, hakipo.

Kwa anayecheza katikati ya jiji lenye vituo kila kona, hilo ni jambo dogo. Lakini kwenye mji wenye vituo vitatu tu, kimoja kikiondoka, wachezaji wanakosa sababu ya kukutana.

Habari njema ni kwamba kituo kinaweza kurudishwa. Ila hakirudi kwa kulalamika. Kinarudi ukijibu kwa ushahidi swali moja: kwa nini kiliondolewa?

Kwanza, hakikisha kimefutwa kweli

Vituo vinavyopendekezwa na wachezaji hupitia mfumo unaoitwa Wayfarer, ulioanza mwaka 2019. Ramani yake imetumika kwenye michezo zaidi ya mmoja, ikiwemo Pokémon GO na Ingress, na kila mchezo una masharti yake.

Pokémon GO haitaki vituo vibanane. Imegawa ramani katika vijisehemu vyenye upana wa takriban mita 70, na kwa kawaida kila kimoja huonyesha kituo kimoja tu. Mtu akisogeza pini ya kituo chako ikaangukia kwenye kijisehemu chenye kingine, chako kinaweza kupotea kwenye mchezo huku bado kipo kwenye ramani.

Kwa hiyo kabla hujakasirika, fungua Ingress uangalie. Ukikikuta huko, huenda hakijafutwa. Huenda unachohitaji ni kuomba pini irekebishwe.

Sababu za kufutwa

Mchezaji yeyote anaweza kuripoti kituo. Sababu zinazokubalika ni kama hizi:

- Kitu chenyewe hakipo tena, au hakikuwahi kuwa cha kudumu.
- Kipo kwenye eneo la nyumba ya mtu binafsi.
- Kipo ndani ya shule ya awali, msingi au sekondari.
- Kinaweza kuzuia huduma za dharura, mfano kituo cha zimamoto.
- Hakuna njia salama ya kukifikia kwa miguu.

Suala la nyumba za watu lina historia. Nchini Marekani, wenye nyumba walienda mahakamani wakilalamika kuwa wachezaji wanawajazia maeneo yao. Mwaka 2019 shauri hilo liliisha kwa makubaliano. Niantic, kampuni iliyotengeneza mchezo, ilikubali kuondoa kituo kilicho ndani ya mita 40 kutoka nyumba ya familia moja, mwenye nyumba akilalamika.

Kiukweli basi, kama kituo chako kilikuwa kwenye ukuta wa jirani au uwanja wa shule ya msingi, rufaa haitasaidia. Waliokifuta walikuwa sahihi.

Ushahidi wa kuandaa

Anayesoma rufaa yako huenda hajawahi kufika mji wenu. Mpe kila kitu mkononi:

- Picha mpya, iliyopigwa GPS ikiwa imewashwa. Onyesha kitu chenyewe pamoja na mazingira yake: barabara, duka, lango.
- Picha ya nyuzi 360 uliyoiweka Google Maps. Hii ina nguvu sana kama mtaa wenu hauna picha za Street View, au zilizopo ni za zamani.
- Namba za latitudo na longitudo.
- Jina la kituo kama lilivyokuwa, na skrinshoti kama unayo.

Kuandika rufaa

Ingia Wayfarer kwa akaunti ile ile unayochezea, nenda sehemu ya msaada, kisha eleza kuwa unapinga kuondolewa kwa kituo.

Usiandike: "Kuna mtu ana wivu na sisi, rudisheni kituo chetu!"

Andika: "Mchoro huu bado upo kwenye ukuta wa nje wa soko. Picha ya wiki hii inauonyesha pamoja na lango kuu. Kuna njia ya watembea kwa miguu mbele yake."

Umeona tofauti? Ya pili inajibu sababu ya kufutwa: kitu kipo, kinaonekana, kinafikika. Sentensi tatu zinatosha.

Na usithubutu kughushi. Ukihariri picha, au ukibandika bango la karatasi ili lionekane ni la kudumu, akaunti yako inaweza kufungiwa.

Wakikataa je?

Kurudia maneno yale yale hakubadilishi kitu. Rudi ukiwa na ushahidi mpya.

Kama ukuta umepakwa rangi na kuchorwa mchoro mwingine, achana na rufaa. Hicho ni kitu kipya, kipendekeze upya kwa jina lake na picha yake.

Na kama kituo chako bado kipo salama, usingoje kifutwe. Leo ukipita hapo, piga picha ya nyuzi 360 uiweke Google Maps. Ni rahisi kuthibitisha kitu kipo kabla hakijaanza kubishaniwa.